Mkwe wa Domitila Barabarani

Mimi nina hasira za karibu, najijua. Waulize wenye maduka wa mtaa wetu hapa Bariadi, watakwambia Maftaha, mama yake Rehana, akifungua mdomo asubuhi anaufunga saa ya kulala. Nauza vipuri vya baiskeli: matairi, minyororo, breki, spoku, tandiko. Duka aliliacha marehemu mume wangu, na waliodhani nitalifunga baada ya arobaini leo ndio wanaokuja kwangu kununua viraka vya pancha. Baba yangu alikuwa Mzigua aliyekuja huku kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mama yangu Mrangi wa Kondoa. Kwa hiyo Msukuma kwangu ni mtani, namchokoza nitakavyo na hana la kunifanya. Nayasema haya mapema ili ujue mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimeuza vipuri miaka ishirini na miwili, waendeshaji nimewaona wa kila namna. Ila Mboje alinishangaza, na mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Mboje Luhende ni mtu wa Lingeka, kule Meatu. Alihamia Bariadi akiwa kijana, baada ya kuona kwamba ng'ombe wa baba yake wana wachungaji wa kutosha na shamba la pamba lina mikono ya kutosha. Akanunua baiskeli kubwa nyeusi, ile ya chuma kizito, akaanza kuchuuza dagaa. Siku nne kwa wiki anakwenda Lamadi, ziwani, baiskeli tupu. Anarudi na magunia mawili nyuma, anauza kijiji kwa kijiji mpaka Bariadi. Hapiti lami. Lami anasema ina malori yasiyomwona mtu. Anapita njia za ndani, zile za changarawe zinazopakana na hifadhi, ambako kutwa nzima unaweza usikutane na gari.

Siku ya kwanza kuja dukani alitaka tairi la nyuma. Nililitazama lile la zamani, limelika mpaka nyuzi zinachungulia. Nikamuuliza amelitumia miaka mingapi. Akasema miezi minne. Nikamwambia, we Msukuma, uongo huu kawauzie ng'ombe zenu, tairi hili mimi namuuzia mtu leo anarudi baada ya miaka miwili. Hakubisha. Alicheka kidogo tu, akasema nikipata nafasi niende nikaone. Yule ni mpole mpaka anaudhi.

Basi nikaenda. Mdogo wangu Sharifu ana pikapu ya kubebea mizigo, na Jumamosi moja ya mwezi wa sita alikuwa na safari ya Lamadi. Nikamwambia apite njia ya ndani. Alinung'unika kuhusu springi zake, akapita. Jua ndiyo kwanza linatoka tulipomwona Mboje mbele yetu, peke yake, njia nyeupe imenyooka. Mkono wa kushoto yalikuwa mashamba, pamba imeshachumwa. Mkono wa kulia, hakuna ukuta, hakuna waya, ni mbuga ya hifadhi inaanzia pale pale ukingoni mwa njia, na mbuga ile siku hiyo ilikuwa nyeusi kwa nyumbu. Sisemi mia, sisemi elfu. Nilijaribu kutafuta mahali wanapoishia nikapakosa. Walikuwa wanakimbia kuelekea tunakoelekea, ardhi inanguruma mpaka kwenye kiti cha gari, na kati yao na sisi yupo huyu mchuuzi wa dagaa na baiskeli yake, wanakwenda sambamba. Sharifu alitazama mshale wa mwendo, akaniambia arobaini. Arobaini, kwa baiskeli ya chuma! Mgongo wake haukutikisika. Miguu ilikuwa inazunguka tu, huioni inapoanzia kuchoka.

Kisha akasimama ghafla. Akashuka, akailaza baiskeli, akavua kofia. Sharifu akazima injini. Tembo walikuwa wanatoka mashambani kurudi hifadhini, kumi na mmoja, na kadogo kamoja katikati ya miguu ya mama zake. Walikatiza njia hatua kama thelathini mbele yake. Yule jike mkubwa aligeuza kichwa akamtazama Mboje muda ambao mimi niliuona ni mwaka. Naye alisimama, kofia mkononi, ameinamisha kichwa, vile wanavyosimama wao mbele ya watu wazima. Tembo wakapita wote. Akavaa kofia, akapanda, akaendelea na safari. Mbele kule ziwa likaanza kuonekana, maji mpaka mwisho wa macho, jua limeyalalia. Nilikaa kimya. Sharifu alinigeukia, akaniuliza kama naumwa.

Tangu siku hiyo nikamwamini kuhusu tairi. Na nikaanza kumchochea aingie mbio za Sabasaba.

Mbio zile zinaanzia Bariadi saa moja asubuhi, zinakwenda lami kwanza, halafu zinaingia njia hizo hizo za kando ya hifadhi, zinamalizikia Lamadi ufukweni. Kilomita tisini. Wawili wa mwanzo wanaingia timu ya mkoa, wanavaa fulana ya mkoa na kwenda kushindana na mikoa mingine. Ila ukishatimiza miaka arobaini kamati inakuhamishia mbio za wazee, ambazo ni kuzunguka uwanja wa mpira mara nne, unapewa sabuni na sukari, watu wanakupigia makofi ya kukuonea huruma. Mboje wakati huo alikuwa na thelathini na nane. Alikuwa ameshawahi kushiriki mara mbili na lile dude lake jeusi, akawa wa tisa, kisha wa tano. Na aliitaka fulana ile, asikudanganye mtu na upole wake. Aliniambia siku moja, akiwa anafunga magunia, kwamba tangu apate akili hajawahi kuendesha baiskeli isipokuwa kwa ajili ya kwenda kubeba kitu. Alitaka mara moja tu katika maisha yake aendeshe bila mzigo, kwenye barabara asiyoijua, mbele ya watu wasiomjua.

Nikamuundia baiskeli. Fremu ya mtumba, nyepesi, unainyanyua kwa vidole viwili. Rimu nyembamba, gia kumi na nne, kila kipuri nilikichagua mwenyewe. Nilimwambia akishinda atapiga nayo picha mbele ya duka langu, kibao kionekane. Akasema wabeja, ndiyo asante yao, na akaipokea kwa mikono miwili.

Siku ya mbio pikapu ya Sharifu ilipewa kazi ya kubeba vipuri, na mimi juu yake, na pampu na magurudumu ya akiba. Amri ilikuwa tukae nyuma ya kundi la mbele. Kundi hilo lilikuwa la vijana watano. Mboje hakuwemo kwa sababu alikuwa ameshawaacha. Mara ya mwisho kumwona alikuwa kitone kwenye mwinuko, kisha kitone kikazama. Sharifu alipiga honi kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeshapanga kibao changu kipakwe rangi upya.

Zilikuwa zimebaki kilomita nane. Tulivuka daraja dogo la kijiji cha Mwagasha, tukakata kona, na jambo la kwanza nililoliona ni baiskeli yangu imelala kando ya njia. Wale vijana watano wakaipita bila kugeuka, vumbi likawafunika. Niliruka chini gari halijasimama, pampu mkononi, natafuta damu. Damu hakuna. Tairi zima, mnyororo mzima. Mboje alikuwa ndani ya shamba la pamba, amechuchumaa, ameipa njia mgongo, mzima kama mimi. Na upande wa pili wa njia alikuwepo mama mmoja mtu mzima, ndoo ya maji kichwani, naye ametupa mgongo, uso ameuelekeza kwenye uzio wa minyaa na khanga ameishusha mpaka machoni.

Hapo nikaelewa, na hasira zikanipanda kabla sijapumua. Kwa watu wa ukoo wa Mboje, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, haongei naye ana kwa ana, na akikutana naye njiani hampiti. Anatoka njiani, anachuchumaa, anageuka, mpaka mama apite. Mjini wengi wameshaacha, lakini Lingeka hawajaacha, na Mwagasha hawajaacha. Na yule aliyekuwa na ndoo ni Domitila, mama yake Veronica, mke wa Mboje. Nilikuwa nalijua jina lake tu, na kwamba anakaa Mwagasha.

Nikamfokea Mboje kwa sauti nadhani hata tembo walisikia. Nilimwambia ainuke, watano wameshapita. Hakugeuka. Akasema taratibu kabisa:

"Mama Rehana, mwambie mama apite. Namngoja yeye."

Na kutoka kwenye minyaa, kabla sijajibu, nikasikia sauti nyingine, inaniita mama kwa Kisukuma:

"Mayu, mwambie baba apite, yuko kwenye mbio. Mimi namngoja yeye."

Unaona mambo hayo? Mama wa watu alisikia baiskeli inakuja mbio, akajua ni mkwe yuko kwenye mashindano, akajiweka kando ampe njia. Mkwe alimwona mama ana ndoo, akajiweka kando ampe njia. Kila mmoja amempa mwenzake mgongo, kila mmoja anamsubiri mwenzake aondoke, hakuna anayeweza kugeuka kutazama, na hakuna anayeweza kusema neno, maana neno lazima lipite kwa mtu wa tatu. Na mtu wa tatu nilikuwa mimi, niko kilomita mbili nyuma nimekaa juu ya tairi la akiba. Walikuwa wamesimama hivyo dakika nne nzima. Njia tupu katikati yao.

Nilimshika Domitila mkono nikamvuta kwenye kijia cha kando ya minyaa, maji yakatumwagikia wote wawili. Goti lake moja lilikuwa bovu, hawezi kwenda haraka, na mimi sikumwonea huruma hata kidogo, Mungu anisamehe. Nilipopiga kelele kwamba njia iko wazi ndipo Mboje akainuka. Tena alitazama kwanza miguu yake, kisha njia, kisha akapanda. Alimpita mmoja kabla ya mwisho. Akawa wa tano.

Nilimkuta ufukweni Lamadi ameingiza miguu majini. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia ameiacha timu ya mkoa kwa sababu ya ndoo ya maji. Nilimwambia mila ni kwa watu wanaotembea, si kwa mtu aliye kwenye gia ya kumi na nne. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema:

"Ningempita ningekuwa wa kwanza. Halafu nirudi nyumbani nimwambie nini Veronica? Kwamba nimemtimulia mama yake vumbi, ndoo ikiwa kichwani?"

Nilimwambia asinisemeshe. Tukarudi Bariadi, baiskeli nyuma ya pikapu, yeye nyuma na baiskeli.

Watu walimcheka, hilo lazima niliseme. Vijana wa stendi wakampa jina, Mkwe wa Domitila, na alipopita na dagaa zake walikuwa wanageuka na kuchuchumaa kumwiga. Hakukasirika. Lakini wazee waliotoka vijijini kuja mnadani walikuwa wanamsimamisha, wanamshika mkono, na wengine hawamwambii kitu, wanamshika tu mkono kisha wanakwenda zao. Mimi nilimnunia wiki tano. Alikuja kununua breki nikamuuzia bila salamu. Wiki ya sita nikajikuta nimemwekea tairi zuri pembeni, nikaona basi, yaishe. Tukaanza upya kujiandaa. Alikuwa ametimiza thelathini na tisa. Ilikuwa mara ya mwisho, hakuna aliyehitaji kuisema.

Mwezi wa sita uliofuata, siku ya Jumatatu, mama mmoja aliingia dukani anachechemea, rozari shingoni, amevaa vitenge vya kutokea. Alinisalimia mwangaluka, nikaitikia, nikamuuliza anataka kipuri gani. Akasema hataki kipuri. Hapo ndipo nikalitambua lile goti.

Nilimpa kigoda. Domitila aliniambia, bila kunitazama sana, kwamba mwaka ule wote hakulala vizuri. Kanisani wanamtania, kisimani wanamtania, na utani hauna neno, lakini anajua ni yeye aliyemkosesha baba wa watu. Alisema alipokuwa amesimama pale kwenye minyaa alikuwa anaomba kimoyomoyo mkwe wake apite, apite, apite, na anashangaa mbona hasikii baiskeli. Hawezi kumwomba radhi, kwa sababu hawezi kusema naye. Kumtuma Veronica anaona haya. Kwa hiyo amekuja kwangu, kwa kuwa mimi nilishaingia katikati yao. Nilitegemea aniambie nipeleke radhi zake. Badala yake aliniuliza swali moja tu: mwaka huu baiskeli zitapita Mwagasha saa ngapi, na vijiji vya kabla ya Mwagasha saa ngapi, kimoja kimoja.

Nikamhesabia. Niliandika kwenye kipande cha boksi, jina la kijiji na saa, tangu njia inapoacha lami mpaka inapofika ziwani. Nilidhani anataka kujifungia ndani asije akakutana naye tena, na nikaona ana akili. Alikikunja kile kipande, akakiweka kifuani, akaondoka. Chai alikataa.

Sabasaba ikafika. Asubuhi ilikuwa na baridi na anga safi. Mboje alianza vizuri, na kwenye kilomita ya hamsini, hapo hapo njia inapoingia kando ya hifadhi, tairi la nyuma likapasuka. Jiwe. Hakuna wa kulaumiwa, na hilo ndilo lililoniuma, maana sikuwa na wa kumfokea. Nilimbadilishia gurudumu. Alipoondoka alikuwa wa kumi na moja, na sisi tukabaki nyuma yake.

Sasa niseme nini kuhusu kilomita thelathini zilizofuata? Nimejaribu kuwasimulia wengi na kila mara naona nimepunguza. Hakuinuka kwenye tandiko, hakupiga kelele, hakutazama nyuma. Alikuwa anamwona mtu mbele, halafu baada ya muda anamfikia, halafu mtu yule yuko nyuma ya gari letu. Mmoja mmoja. Pundamilia walikuwa wamesimama ukingoni wanatazama, hawakukimbia. Njia nzima ilikuwa kimya, unasikia mnyororo tu. Sharifu alikuwa anaendesha mikono miwili kwenye usukani, jambo ambalo mimi sijamwona akilifanya tangu apate leseni. Kufika kilomita ya themanini mbele walikuwa wamebaki wawili: Luhaga, kijana wa Malampaka mwenye miaka ishirini na miwili, na mwenzake mmoja wa Maswa aliyeanza kuyumba. Yule wa Maswa alikuwa mbele kama hatua mia tatu. Akimpata huyo, fulana ni yake. Akimkosa, ni sabuni na sukari.

Ndipo Sharifu akasema, dada, mbona hakuna wanawake?

Nikatazama. Kweli. Wanaume walikuwepo njiani, wanapunga kofia, watoto wanakimbia pembeni. Mwanamke mtu mzima hata mmoja hakuna. Tulipita kisima cha pampu, ndoo zimepangwa foleni, wenyewe hawapo. Tukapita uwanja wa kuanikia mtama, mtama umeanikwa, hakuna anayefukuza kuku. Kijiji cha pili hivyo hivyo, milango yote imefungwa, na ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, saa ambayo hakuna mama wa Kisukuma anayekaa ndani. Nilishikwa na woga. Niliwaza tembo wamevamia, niliwaza msiba. Nikamwita mzee mmoja aliyesimama kando ya njia, Sharifu akapunguza mwendo kidogo, nikamuuliza kuna nini. Akacheka, akasema Domitila amepita nyumba kwa nyumba wiki tatu, kwa lile goti, ana kipande cha boksi mkononi. Amewaambia wadogo zake, mashemeji zake, na kila mwanamke ambaye Mboje anapaswa kumwita mama mkwe, waingie ndani mpaka baiskeli zipite. Na wale wasio wakwe zake wameingia ndani pia, kwa sababu kwenye mbio wamo wakwe za wengine.

Mimi nilikuwa nimemhesabia saa zile nikidhani anajificha. Kumbe mama yule alikuwa anaifagia njia nzima.

Kisha tukaingia Mwagasha, na vigelegele vikaanza. Njiani hapakuwa na mtu. Vilitoka ndani ya nyumba, nyuma ya milango iliyofungwa, kulia na kushoto. Nyumba moja ikianza ya pili inapokea, hakuna uso hata mmoja unaoonekana, ni sauti tupu zinatoka kwenye kuta na zinatangulia mbele ya Mboje kuelekea ziwani. Nina miaka hamsini na moja. Nimesikia vigelegele vya harusi, vya ubarikio, vya wanaorudi kutoka Maka. Vile vilikuwa kitu kingine. Sharifu alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati na mimi nilijifanya sioni.

Nyumba ya Domitila ni ya mwisho kabla ya kona, mlango uko njiani kabisa. Mboje anaijua, hufika pale kila msimu na mkewe, na husimama mbali mpaka aitwe. Tulipoikaribia niliiona miguu yake inasita. Pedali zikatulia. Kichwa kikaanza kuinama, vile vile kama siku ya tembo. Nikajua anashuka. Mlango umefungwa, mama hayupo njiani, hakuna anayemwona, na bado anashuka, kwa sababu ni mlango wa mama mkwe na mtu hapiti mbio mbele yake. Yule wa Maswa alikuwa anazunguka kona. Niliinua mkono nipige bodi ya gari, nipige yowe, nimtukane ikibidi.

Mlango haukufunguka. Ila sauti ilitoka ndani, kubwa, imenyooka, ikavifunika vigelegele vyote:

"Mama Rehana! Mwambie asisimame."

Nikafungua mdomo. Wallahi, mimi niliyezaliwa nikiongea, nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Machozi yalikuwa yananitoka kama mtoto. Nikabaki nimesimama juu ya pikapu, mkono hewani, ujumbe nimekabidhiwa na siwezi kuufikisha.

Lakini alikuwa amesikia. Nikamwona anainuka kwenye tandiko, mara ya kwanza siku ile, uso ameugeuzia upande wa hifadhi asiutazame mlango, na miguu ikashuka kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Akapita.

Yule wa Maswa alimpata kwenye mteremko wa mwisho, ziwa limeshajaa mbele yetu. Luhaga hakumpata, Luhaga alishinda kwa haki yake. Mboje akawa wa pili. Walimvalisha fulana ya mkoa ufukweni, imembana kifuani kwa sababu ilishonwa kwa ajili ya watoto, na alisimama nayo akiwa hajui mikono aiweke wapi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Yeye akaniwahi. Alinivuta pembeni, akaniomba nirudi Mwagasha, nikampe mama neno moja tu, wabeja.

Nilirudi. Milango ilikuwa imefunguliwa yote, wanawake wametapakaa njiani, kisimani ni vurugu za nani alitangulia foleni. Domitila alikuwa amekaa kwenye baraza yake, goti amelinyoosha, anachambua mchele. Nikamwambia, anasema wabeja. Nikamwambia ni wa pili, ameingia timu, amevaa fulana. Alitikisa kichwa polepole. Kisha akasogeza ungo, akanionyesha nafasi kwenye mkeka.

"Watu wote wananiambia mkwe wangu anaendesha," akasema. "Miaka kumi na minne namsikia akipita hapo nje, nageuka. Sijawahi kumwona hata mara moja. Kaa uniambie anaendeshaje."

Nikavua viatu, nikakaa, nikaanzia Bariadi.